Mabega ya Shemeji

Jumatatu, tarehe 3. Mawingu.

Iandikwe na isomwe, vizazi vijavyo visije vikasema havikuambiwa: leo asubuhi, baada ya chai na kabla ya mteja wa kwanza, shemeji yangu fundi saa amepandisha mabega.

Ameyapandisha yote mawili mpaka karibu na masikio, akayaacha hukohuko. Mimi nilikuwa nanoa wembe. Chumba chetu cha kazi ni kimoja: yeye yuko mbele, dirishani, na meza yake ya saa, mimi niko nyuma na kiti changu cha kunyolea, na kioo changu kinatazama mgongo wake. Mgongo huo naujua kuliko dada yangu aliyeolewa nao. Nikadhani ameumwa na mdudu.

"Shemeji, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni neno la leo."

Shemeji ana kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Kila siku anachukua neno moja, anashinda nalo mpaka jioni ili limkae. Wiki iliyopita lilikuwa la kupiga chafya, tukaoga wote. Leo kafika kwenye "shrug", na kamusi imeandika kwa ufupi: pandisha mabega.

"Utayashusha lini?"

"Kamusi inasema pandisha. Haijasema shusha."

Mtu wa saa hafanyi jambo ambalo halikuandikwa. Amekula chakula cha mchana hivyohivyo, shingo haionekani, na kijiko kilipata njia ya mkato.

Jumanne, tarehe 4. Mvua.

Hakuna mteja. Mabega yameshuka yenyewe usiku, na sasa yanauma. Dada amemchua kwa mafuta huku akimuuliza kama kesho neno ni "kazi".

Alhamisi, tarehe 6. Manyunyu.

Mwalimu mstaafu amekuja kunyolewa ndevu zake, ambazo ni chache lakini anazihudumia kama nyingi. Kabla sijampaka sabuni, Shemeji akageuza kiti chake.

"Mwalimu, hili 'shrug' linafanywaje hasa?"

Mwalimu hajaulizwa swali tangu astaafu. Uso ulimchanua.

"Yanapanda, mzee mwenzangu, halafu yanashuka. Papo hapo. Ni kitendo, si cheo."

"Na yakipanda yanasemaje?"

"Yanasema sijui. Au sijali. Au hilo si langu. Au liwalo na liwe. Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Uso, nyusi, aliyeuliza, alichouliza. Na kwa Kiingereza huna haja ya kuyataja mabega. Neno lenyewe limeshayabeba. Ukilibandika kijineno 'off' mwishoni, basi jambo umelikung'uta lisikuguse, kama mtu anavyokung'uta maji ya mvua kwenye koti."

Shemeji aliweka kibano mezani. "Yote hayo bila kufungua mdomo?"

"Bila kufungua mdomo."

Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa uani katika nyumba ambayo miaka yote aliijua kwa mlango mmoja.

Jumamosi, tarehe 8. Mvua ya kukomoa.

Barafu amekuja. Barafu ni kijana fundi friji, na jina hilo amepewa na mtaa; la kwao amebaki nalo mama yake. Anampenda mpwa wangu, binti wa Shemeji, na mpwa wangu anampenda, hilo halihitaji kamusi. Sasa ameahidiwa kazi katika mji mwingine, kwenye ghala kubwa la baridi, aende mvua zikiisha. Anataka aende na mke. Mpwa wangu naye yuko tayari, kasoro neno moja tu la baba yake.

Mpwa hufanya kazi na baba yake. Stuli yake iko ubavuni mwa ile meza ya dirishani, ana kibano chake na kioo chake kidogo cha kubana jichoni. Barafu alipoingia, kile kioo kilidondoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ni lile jambo. Nilitaka kujua, wazee wangu wakija, watapokelewa?"

Mpwa aliacha kupumua. Mimi niliacha kunyoa. Muuza nyama, aliyekuwa kitini kwangu na povu shavu moja, aligeuza shingo apate kusikia vizuri.

Shemeji akapandisha mabega. Akayashusha. Safi kabisa, kama alivyofundishwa.

Barafu alisubiri maneno yafuate. Hayakufuata. Akaaga kwa adabu, akatoka kwenye mvua, akasahau mwavuli wake mlangoni.

"Baba," mpwa akasema, "hiyo ndiyo nini?"

Baba yake akarudia ileile, kwa kasi kidogo.

Jumatatu, tarehe 10. Mvua.

Kwa kawaida neno hukaa siku moja. Hili limekataa kutoka. Leo Shemeji ameulizwa kama saa ya ukutani ya mwenye duka la dawa imepona: mabega. Kama amefunga dirisha: mabega. Kama yeye ndiye aliyemaliza sukari: mabega, na safari hii hata kamusi isingekuwa na haja ya kueleza.

Dada amesema: "Mimi niliolewa na mtu mwenye kinywa. Kiko wapi?"

Nadhani ni kiburi. Mtu akisoma herufi nyingi mno mfululizo, zinampanda kichwani. Za huyu zimeishia mabegani.

Ijumaa, tarehe 14. Kuna jua la kuazima.

Ugonjwa umeingia mtaani. Watu huja kuchukua saa zao, wanajibiwa kwa mabega, wanaondoka nayo. Muuza mboga amemjibu hivyo mteja aliyeuliza kama nyanya ni za leo. Mtoto wa jirani amemjibu hivyo mama yake, akapigwa kofi, akarudia.

Wengine mnacheka, mimi nashika wembe. Leo nimemuuliza muuza nyama, "Pembeni nipunguze?" naye akapandisha mabega na sikio likapanda nayo. Si mkato mkubwa. Lakini mtu anayechinja kila siku sikutegemea apige kelele namna ile.

Nimebandika karatasi ukutani: MTEJA AJIBU KWA MDOMO.

Jumanne, tarehe 18. Mvua.

Muuza nyama kapita upande wa pili wa barabara.

Alhamisi, tarehe 20. Mvua.

Nimeona jambo kwenye kioo. Mteja akiwapo, Shemeji huinama juu ya saa, anakunja uso, anaguna kitaalamu. Mteja akitoka, anaisukuma sahani ya vipuri kwa kidole kidogo mpaka kwa binti yake. Binti anafanya kazi. Kisha sahani inarudi, na baba anaipuliza vumbi kama ndiye aliyeizaa.

Basi ni uvivu wa ukubwani. Mabega yanapanda kwa sababu mikono imestaafu. Nimeliandika hili kwa furaha, maana mimi nasimama kutwa.

Jumapili, tarehe 23. Mawingu.

Nyumbani kwao, mchana. Shemeji kauliza chakula kiko wapi. Dada kapandisha mabega.

Shemeji alishtuka kama mtu aliyekuta jirani kavaa shati lake. "Mke wangu, usinijibu hivyo."

"Kwani nimesema nini?"

"Sijui umesema nini!"

"Ee. Karibu kwangu."

Chakula kilikuwa jikoni. Kilikuwepo siku zote.

Alhamisi, tarehe 27. Mvua inapungua.

Mpwa amekuja upande wangu baada ya kazi, akachukua ufagio kutoka mkononi mwangu na kuanza kufagia nywele. Kwa hiyo kuna ombi.

"Mjomba, mvua zinaisha."

"Naona."

"Nina umri wa kuolewa kwa hiari yangu, naweza kuondoka tu. Lakini sitaki kuondoka kwa baba kwa mabega. Nataka aseme ndiyo, au aseme hapana nigombane nayo. Na hili nitagombana na nini? Ni kama kugombana na pazia."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Umeona alichojibu." Akafagia mahali palipokwisha fagiwa. "Sema naye wewe. Nyinyi ni mashemeji, mnaweza kutukanana."

Nilikwenda. Nikasema: "Shemeji, binti yako anachakaa hapo kwenye stuli kama saa isiyochukuliwa na mwenyewe. Barafu ana kasoro gani? Hanywi, hagombani, na friji la mama yake linafanya kazi, jambo ambalo mafundi wengi hawawezi kusema. Mtu anasubiri jibu. Wewe kama hutaki, sema hutaki."

Mabega.

"Nitakunyoa nusu kichwa, nikuache hivyohivyo."

Mabega. Lakini safari hii yalichelewa kushuka. Na kwa vile alikuwa amenigeukia, niliuona uso wake, ambao kwa kawaida siuoni. Haukuwa uso wa kiburi. Nimeshawanyoa watu wengi kabla ya kwenda kulazwa hospitali. Naujua uso huo.

Jumatatu, tarehe 31. Jua, kisha mvua, kisha jua.

Nafuta niliyoyaandika tarehe 20. Sifuti kwa kalamu, maana karatasi itachafuka. Nafuta kwa moyo.

Mpwa alikuwa ametoka kupeleka saa ya mwenye duka la dawa. Akaingia mama mmoja na saa ndogo ya mkononi, yake ya siku nyingi, akasema nasubiri hapahapa. Shemeji akafungua mgongo wa saa. Skrubu ikatoka, ikaanguka mezani. Nikaiona mimi kutoka nyuma, kwenye kioo, inang'aa juu ya kitambaa cheupe cha meza yake.

Yeye hakuiona. Alipapasa kushoto kwake. Ilikuwa kulia. Akapapasa mbele. Akabadilisha kioo cha jichoni akaweka kile kikubwa, akainama mpaka pua ikagusa kitambaa, na mkono wake ukaipita ile skrubu mara ya kwanza, na ya pili.

"Kuna tatizo, fundi?" mama akauliza.

Mabega yakapanda.

Nikatupa taulo, nikaenda mbele, nikasema kwa sauti ya mtu mpumbavu, "Shemeji, samahani, nywele zangu zimerukia mezani kwako," nikaokota skrubu nikaiweka kwenye sahani. Nikamwambia mama arudi kesho. Alipotoka, nikavuta stuli ya mpwa nikakaa karibu naye.

"Tangu lini?" nikauliza.

Alianza kupandisha, akaona ni mimi, akaacha katikati. Bega moja juu, moja chini.

"Usimwambie dada yako," akasema. "Na mtoto ndiye usimwambie kabisa. Anadhani nampa zile ndogo ili ajifunze."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Akisema ndiyo, binti anakwenda mji mwingine na macho ya duka yanakwenda naye. Akisema hapana, amemfunga mtoto mezani kwa ajili ya skrubu. Mtu akiwa na majibu mawili na yote yanamchoma, akaonyeshwa la tatu lisilo na maneno, atalikataa kwa sababu gani?

Nimembandulia ile karatasi ukutani. Ajibu anavyoweza.

Alhamisi, tarehe 3. Jua.

Barafu ametuma salamu kwamba Jumamosi wanakuja, wapokelewe au wasipokelewe. Dada amepiga deki nyumba nzima kwa hasira.

Jumamosi, tarehe 5. Mvua moja ya mwisho, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua.

Nitaandika yote, maana kesho kila mtu atasimulia ya kwake.

Walikuja wawili: Barafu, na baba yake mdogo, muuza magodoro, mtu mnene mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Upande wetu tulikuwa Shemeji, Dada, mimi, na mpwa wangu aliyekaa karibu na mlango kama mtu mwenye teksi nje. Mwalimu mstaafu alikuwapo pia. Hakualikwa. Alisema amepita tu, akakaa kiti kizuri.

Baba mdogo akaanza. "Ndugu zangu, mimi sina mambo mengi. Kijana wetu anamtaka binti yenu, binti yenu anamtaka kijana wetu. Tumekuja kusikia kauli ya mzee mwenye nyumba."

Wote tukamgeukia Shemeji. Akavuta pumzi, nikadhani leo. Mabega yakapanda, yakashuka.

"Haya, twende," baba mdogo akasema, akaanza kunyanyuka. "Amekataa."

"Hajakataa!" Dada akasema.

"Mama, mimi nauza magodoro. Mtu akikaa juu ya godoro akafanya mabega hivyo, hanunui. Naenda kumhudumia mwingine."

"Kitaalamu," Mwalimu akasema, "pale hakukataa. Nyusi zilipanda pia. Zikipanda nyusi, maana yake hajui."

"Hajui nini, na ni mtoto wake?"

"Mimi ndiye mkewe," Dada akasema, "na hayo mabega naishi nayo. Hayo ni ya kuomba chai."

"Kwangu mimi," nikasema, "ni jeraha," lakini hakuna aliyenisikiliza.

Barafu akainua mkono kama yuko darasani. "Samahani wazee. Friji likinyamaza watu hudhani limekufa. Mara nyingi halijafa. Kuna kitu kimeziba, basi."

"Wewe nyamaza," baba yake mdogo akamwambia, "unaongea kama umeshaoa."

Mwalimu akaomba kamusi iletwe. Ikaletwa. Akaisoma kwa sauti: pandisha mabega. Akageuza ukurasa kutafuta zaidi, hakukuwa na zaidi. Dada akasema kitabu kizima hicho na hakijui mtu anamaanisha nini sebuleni kwake, basi kitumike kuzuia mlango. Baba mdogo akajaribu yeye mwenyewe kupandisha mabega ili alinganishe, Mwalimu akamsahihisha, Dada akawaonyesha ya sukari na ya chai, tofauti yake. Kwa muda kidogo palikuwa na watu wazima watatu sebuleni wanapandisha na kushusha mabega wakigombana, na mwenye mabega ya asili amekaa katikati yao, ameinamisha kichwa.

Mpwa wangu akainuka mlangoni. Akaja akapiga magoti mbele ya baba yake ili uso wake uwe chini ya uso wake.

"Baba. Waache hao. Mimi siulizi neno lina maana gani. Nauliza wewe una nini."

Wale watatu wakasimama na mabega yao walipoyafikisha.

Shemeji alimtazama. Kisha akanitazama mimi, nami nikatazama dari, ambayo inavuja.

"Skrubu," akasema.

"Skrubu?"

"Sizioni. Mwaka mzima sasa. Zile ndogo sizioni kabisa, na kubwa nazikisia. Ukiondoka, mimi nitakuwa fundi saa anayewauliza watu ni saa ngapi. Nisingeweza kukukataza kwa hilo. Na kukuruhusu nilikuwa naogopa. Basi nikawa..." na akaonyesha begani kwa kidole, hakupandisha.

Dada alikaa chini taratibu. Ile hasira aliyopigia deki iliisha yote mara moja, akabaki anakunja na kukunjua pindo la kitenge.

"Na mimi najua, baba," mpwa akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hunifundishi. Mtu hafundishi skrubu ileile mwaka mzima."

Hapo nikaona hata baba mdogo anatafuta leso. Alipenga kwa sauti ya dukani.

"Nenda, mwanangu," Shemeji akasema. "Nasema kwa mdomo, wote wasikie. Ndiyo. Nenda naye huko kwenye ghala la baridi. Mimi nitauza betri na mikanda, hizo zinaonekana."

Ilikuwa saa nzuri ya kulia na tulikuwa tumeshajipanga. Lakini Barafu alikuwa anakohoa. Alikohoa kwa namna ya mtu asiye na kikohozi.

"Mzee," akasema, "kuna jambo dogo. Ile kazi ya ghala... walimpa mtu mwingine."

"Lini?" akauliza mpwa wangu, na sauti yake haikuwa ya kupiga magoti tena.

"Wiki ile ya mvua kubwa."

"Wiki ile uliyosahau mwavuli?"

"Inayofuata."

"Na tumekimbizana na mvua mwezi mzima! Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mkisikia sina kazi ya ghala, mtakataa. Nikasema nisubiri jibu kwanza, halafu ndipo..."

"Halafu ndipo nini?"

Mabega ya Barafu yakaanza kupanda.

"Shusha!" tukapiga kelele nyumba nzima, pamoja na Mwalimu.

Akayashusha. Akasema kwa mdomo kwamba halafu ndipo angetafuta namna ya kusema. Baba yake mdogo akamwambia mbele ya watu kwamba yeye ni friji bovu. Mpwa wangu hakuongea naye mpaka chai ilipoisha, kisha akamwongezea sukari bila kumuuliza.

Jumanne, tarehe 8. Jua.

Muuza nyama amerudi. Nimemuuliza kama nipunguze pembeni. Amejibu "Ndiyo" na kushika sikio kwa mkono.

Jumamosi, tarehe 19. Jua.

Wameoana.

Jumatatu, tarehe 21. Jua.

Wamepanga chumba mtaa wa nyuma. Ni kuvuka barabara tu. Leo asubuhi mpwa wangu ameingia kazini saa yake ya kawaida, akakaa kwenye stuli, na baba yake akamsukumia sahani.